Pumzi ya Vidato Sitini na Vinne

Brashi alikuwa mpaka rangi wa majumba. Hilo halikuwa jina lake, lakini watu wote wa jengo lao walimwita hivyo. Kila jioni alirudi nyumbani na madoa ya rangi kwenye kucha, masikioni, hata kwenye nyusi. Alikuwa mtu mkimya. Ukimsalimia, anajibu. Usipomsalimia, anatabasamu na kupita.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Yeye walimwita Bi Sindano, kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa kazi yake. Ya pili ilikuwa ulimi wake.

Waliishi ghorofa ya nne. Jengo halikuwa na lifti. Kutoka mlango wa nje mpaka mlango wao kulikuwa na vidato sitini na vinne vya ngazi. Wateja wa Bi Sindano walifika juu wakihema. Naye hakuwapima mara moja.

"Kaa kwanza," aliwaambia. "Nikikupima kifua sasa hivi, gauni litakupwaya ukishatulia."

Bi Sindano mwenyewe hakuwa akitembea. Miaka miwili iliyopita uvimbe ulimwota kwenye uti wa mgongo. Madaktari walimpasua wakautoa. Uhai ukabaki, lakini miguu haikuamka tena. Cherehani ya miguu wakaiuza, wakanunua ya mkono. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mbali. Walibaki wawili.

Walimwomba mwenye nyumba chumba cha chini. Akasema chini ni maduka tu, hakuna vyumba. Ghorofa ya kwanza ilikuwa imejaa.

"Subirini," alisema. "Mtu akihama nitawaambia."

Basi wakasubiri. Lakini kila Jumapili asubuhi Brashi aliinama mbele ya kitanda. Bi Sindano alimkumbatia shingoni, naye akambeba mgongoni mpaka chini. Kiti cha magurudumu kilikaa chini ya ngazi, kimefungwa kwa mnyororo. Brashi alimkalisha hapo, akamsukuma mitaani. Walipita madukani, Bi Sindano akashika vitambaa kwa vidole vyake. Alisalimiana na watu. Aligombana kidogo na wauza vifungo. Siku sita alikuwa mtu wa ndani. Siku ya saba alikuwa mtu wa dunia.

Jumapili moja walichelewa kurudi. Jua lilikuwa kali. Brashi hakuwa amekula kitu tangu asubuhi, ila chai ya rangi kikombe kimoja. Alimbeba mke wake akaanza kupanda haraka haraka, kama alivyozoea. Alifikiri ukikimbia na mzigo, mzigo utaisha mapema.

Ghorofa ya kwanza alipita vizuri. Ya pili alianza kuvuta hewa kwa mdomo. Alipoikaribia ya tatu, mapaja yaliwaka moto. Alibana pumzi, akajikaza. Kidato kimoja. Kingine. Ghafla goti likalegea.

Alidaka chuma cha kushikia kwa mkono mmoja. Kiwiko cha Bi Sindano kikagonga ukuta. Wote wawili wakaketi kwenye ngazi kwa kishindo.

"Umeumia?" Brashi alitaka kuuliza. Sauti haikutoka. Alifungua mdomo tu, kama samaki.

Bi Sindano alikuwa bado amemkumbatia kwa nyuma. Kifua chake kilikuwa kwenye mgongo wa mumewe. Aliusikia moyo ule ukipiga mbio, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Hakusema neno. Kwa Bi Sindano, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Jumapili iliyofuata, Brashi alichungulia dirishani.

"Leo kuna dalili ya mvua," alisema.

Mvua haikunyesha.

Jumapili ya pili alisema ameitwa kazini. Jumapili ya tatu alisema mgongo unamuuma. Jumapili ya nne Bi Sindano hakuuliza kitu. Aliamka, akachana nywele, akajivuta mpaka kwenye cherehani yake. Akaanza kushona. Alishona pindo lilelile mara mbili, akalifumua mara mbili.

Brashi alileta chai. Mkewe akaweka kitambaa chini.

"Mume wangu, nina swali. Nijibu bila kupaka rangi."

"Uliza."

"Umenichoka?"

Brashi alikiweka kikombe mezani. Chai ikamwagika kwenye kisahani.

"Nani kasema hivyo?"

"Wewe. Umesema Jumapili nne mfululizo, ila hukutumia mdomo."

Brashi aliketi sakafuni, karibu na kiti chake. Kisha akasema, "Sijakuchoka wewe. Nachoka mimi. Nikifika ghorofa ya pili pumzi inakatika. Miguu inakuwa si yangu. Siku ile nusura nikuangushe. Tangu siku ile nikifumba macho nakuona ukianguka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba mke amenishinda?"

"Kilo hamsini na mbili zimekushinda," alisema Bi Sindano. "Mke alikushinda zamani."

Brashi alicheka, lakini macho yalikuwa yamejaa maji. Bi Sindano aliyaona. Akanyoosha mkono, akamkwangua doa la rangi kwenye sikio.

"Basi nisitoke," alisema kwa upole. "Dirisha ninalo. Watu wanakuja wenyewe. Sitaki uvunjike kwa ajili yangu."

"Usiseme hivyo."

"Nasema tu."

"Hata kusema, usiseme."

Ndipo mlango ulipogongwa.

"Hodi!"

Alikuwa mama wa ghorofa ya pili, aliyehamia miezi michache iliyopita. Alikuwa na umri wa karibu miaka sitini. Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha mazoezi cha hospitali. Aliwafundisha wagonjwa kutembea tena, kukaa tena, kupanda ngazi tena. Watu wa jengo walimwita Bi Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha.

Alileta sare yake ya kazi ipunguzwe kiunoni. Bi Sindano alimtazama kwa wivu kidogo.

"Wewe mama una siri gani? Vijana wanafika hapa ulimi nje. Wewe nasikia hatua zako tu, sisikii pumzi."

"Sina siri. Napanda kwa mwendo ambao moyo wangu unaumudu." Bi Taratibu aliketi. Akatazama kisahani kilichojaa chai, kisha akatazama nyuso zao. "Nimekuja wakati mbaya?"

Brashi alisimama atoke. Bi Sindano akamkamata suruali.

"Kaa hapo. Mama huyu anafundisha watu kupanda ngazi. Sisi tuna ngazi. Mwambie."

Brashi alisimulia kwa maneno machache. Mkewe alijazia yaliyobaki. Bi Taratibu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali.

"Kifua kinauma unapopanda? Kinabana, au maumivu yanaenda mkononi au kwenye taya?"

"Hapana."

"Unapata kizunguzungu? Unaishiwa pumzi hata ukiwa umekaa? Miguu inavimba?"

"Hapana. Ni ngazi tu."

"Vizuri. Ungejibu ndiyo hata kwa moja, ningekuambia uende hospitali leo hii, si kesho. Hata hivyo utaenda kupimwa kabla hatujaanza. Sasa nieleze jambo moja. Kazini kwenu, nani anawapelekea rangi wale walio juu ya jukwaa?"

Brashi alishangaa. "Yuko mbeba ndoo. Anajaza chini, anapanda nayo, anarudi na ndoo tupu."

"Mbeba ndoo akichelewa?"

"Wote juu wanasimama."

"Kwa kuwa ni wavivu?"

"Hapana! Hawana rangi."

"Basi, umeshaelewa nusu ya somo," alisema Bi Taratibu. "Misuli ya miguu yako ni wale wapaka rangi. Rangi yao ni oksijeni, ile sehemu ya hewa ambayo mwili unaitumia kupata nguvu. Mapafu yanaiingiza mwilini. Damu ndiyo mbeba ndoo. Na moyo ndio unaomsukuma mbeba ndoo apande. Unapobeba mzigo mbio, misuli inataka ndoo nyingi kwa mara moja. Moyo unapiga haraka, lakini una kikomo chake. Ndoo hazitoshi. Misuli inatumia njia ya dharura kupata nguvu. Njia hiyo haidumu. Mapaja yanawaka, miguu inalegea."

"Kwa hiyo miguu yangu si mibovu?"

"Miguu yako inasubiri ndoo."

Brashi aliitazama miguu yake kama mtu aliyemsingizia rafiki.

"Na huo moyo," aliuliza Bi Sindano, "unafundishika?"

"Moyo ni msuli. Ukiuzoesha polepole, unasukuma damu nyingi zaidi kila unapopiga. Misuli nayo inaota vijishipa vipya vya damu. Inajifunza kuitumia oksijeni vizuri zaidi. Ndiyo, unafundishika."

"Afadhali moyo. Huyu nimemfundisha miaka ishirini na saba kufunika kopo la sukari. Hajafundishika."

Bi Taratibu alicheka. Kisha akageuka kwa Brashi.

"Asubuhi unakula nini?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na sukari."

"Mchana kazini unakunywa maji?"

Brashi alikuna shingo. "Kushuka kwenye jukwaa kwa ajili ya maji ni usumbufu. Nakunywa nikirudi."

"Haya. Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye misuli na kwenye ini. Hiyo ndiyo nishati ya kazi. Usipokula, akiba inapungua, unakuwa mzito kama gunia lililolowa. Na maji je? Ukitoka jasho bila kunywa, damu inapungua maji. Moyo unabaki na damu kidogo ya kusukuma, kwa hiyo unapiga mbio zaidi kwa kazi ileile. Siku ile ulipanda juani, bila kula, bila maji, mbio, na pumzi umeibana. Usishangae kwamba ulianguka. Mimi nashangaa ulifika karibu na ghorofa ya tatu."

"Kubana pumzi nako ni kosa? Mimi nafikiri ndiyo nguvu."

"Ukibana pumzi na mzigo mgongoni, presha inapanda ghafla, na hewa mpya haiingii. Toa pumzi unapopanda kidato. Usiiweke akiba. Pumzi haiwekwi akiba." Akasita kidogo. "Swali la mwisho. Unavuta sigara?"

Brashi alitazama dari. "Hapana... yaani... siyo sana."

"Anavuta mbili kwa siku," alisema Bi Sindano. "Moja wakati wa chakula cha mchana, moja hapo chini kabla ya kupanda. Halafu anatafuna tangawizi."

Brashi aligeuka kwa mshangao. "Ulijuaje?"

"Mimi nimepoteza miguu, bwana. Ulidhani nimepoteza na pua?"

"Moshi wa sigara," Bi Taratibu alieleza, "unaingia kwenye damu na kukaa kwenye nafasi ya oksijeni. Ni kama mbeba ndoo amepewa ndoo zilizokwisha kujazwa takataka. Anapanda, anachoka, lakini rangi hakuna."

Brashi aliingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti iliyokuwa na sigara tatu. Akaiweka mezani, karibu na makasi ya mkewe. Bi Sindano aliyachukua makasi. Kra! Kra! Kra! Sigara zikawa vipande.

Jumatatu Brashi aliomba ruhusa kazini akaenda kliniki. Tabibu alimpima presha, akasikiliza moyo na mapafu, akamtoa damu kidogo kidoleni. Alitaka kuona kama damu ina nguvu ya kutosha, na kama hana kisukari.

"Mtu mwenye upungufu wa damu huchoka upesi hata afanye mazoezi namna gani," alisema tabibu. "Wabeba ndoo wanakuwa wachache."

Brashi alitabasamu. Aliona watu wa afya wote wanaongea lugha moja.

Damu ilikuwa nzuri. Sukari ilikuwa sawa. Presha ilikuwa juu kidogo. Tabibu alimwambia aanze mazoezi polepole, apunguze chumvi, asirudie sigara, na arudi baada ya mwezi mmoja.

Wiki ya kwanza hakubeba kitu. Kila asubuhi alikula mkate na yai, au uji na ndizi, akaondoka mapema. Alishuka kwenye basi vituo viwili kabla ya kazini, akatembea dakika ishirini. Kazini alifunga chupa ya maji kwenye jukwaa kwa kamba, ili asiwe na kisingizio. Jioni alipanda na kushuka ngazi mpaka ghorofa ya pili, mikono mitupu. Bi Taratibu alimshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo ya moyo kwa saa yake.

"Mia moja arubaini na nane," alisema. "Bila mzigo! Moyo wako unafanya kazi ya kutwa kwa ghorofa mbili."

"Nitajuaje mwendo unaonifaa, wewe usipokuwepo?"

"Ongea. Ukiweza kuongea huku unapanda, mwendo ni sawa. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Punguza."

Bi Sindano aliposikia hilo aligonga meza. "Mama, huyu hata akiwa amelala chali haongei! Utapimaje?"

"Basi ataanza," alisema Bi Taratibu.

Naye Bi Sindano alipewa kazi. "Mzigo unaoning'inia ni mzito kuliko mzigo unaojishika," Bi Taratibu alimwambia. Kila siku alishika mikono ya kiti akajiinua kwa mabega, akahesabu mpaka tano, akajishusha. Siku ya kwanza alijiinua mara tatu, jasho likamtoka. Alikasirika. Siku ya kumi alijiinua mara kumi na mbili, akamwita mumewe aje kuona. Kisha Bi Taratibu alimchorea mkanda mpana wa kumshikilia mgongoni mwa mumewe. Bi Sindano alitazama mchoro akasonya.

"Mchoro huu utanikata mapaja. Nipe penseli."

Aliuchora upya. Akaushona kwa turubai nene, mishono mitatu mitatu, na ndani akaweka sponji.

Wiki ya tatu mambo yalikuwa yakienda vizuri. Kupita kiasi. Brashi alikuwa ameanza kupanda na mfuko wa mchanga wa kilo kumi. Siku moja alirudi kutoka kazini akijisikia kijana. Akaona ndoo ya rangi ya lita ishirini pale chini. Akaitupa begani, akapanda mbio. Alitaka kumshangaza mke wake.

Alimshangaza kweli. Alifika ghorofa ya tatu akaiweka ndoo chini, akatapika kwenye kona ya ngazi. Kichwa kilizunguka. Bi Sindano alisikia kelele, naye hakuweza kutoka. Alipiga kelele mlangoni, amekaa sakafuni, mpaka Bi Taratibu akasikia na kupanda. Kwa mara ya kwanza watu walimwona Bi Taratibu akiharakisha.

Yeye na majirani walimpandisha mpaka kwake, wakamlaza, wakainua miguu yake juu ya mto, wakampa maji kidogo kidogo. Rangi ya uso iliporudi, Bi Sindano alianza.

"Ulitaka nini? Nibaki mjane ghorofa ya nne? Nani angenishusha nikuzike?"

Kisha akalia. Brashi alimshika mkono.

"Nisamehe. Nilitaka Jumapili ifike haraka."

Bi Taratibu aliwaacha kidogo, kisha akasema, "Brashi, ukuta unapakwa mikono mingapi ya rangi?"

"Miwili. Mingine mitatu."

"Mkono wa kwanza ukiwa mbichi, unapaka wa pili?"

"Siwezi. Utabanduka wote."

"Basi mwili ni hivyohivyo. Mazoezi yanauchosha. Kupumzika ndiko kunakoujenga. Siku unayolala vizuri ndiyo siku moyo na misuli inajitengeneza. Wewe umepaka mkono wa pili juu ya rangi mbichi."

Maneno hayo Brashi hakuyasahau. Tangu siku ile alifanya mazoezi siku nne kwa wiki, na siku tatu alipumzika bila aibu. Kila baada ya siku kadhaa Bi Taratibu alimwongezea mzigo kidogo. Kilo kumi na tano. Ishirini. Thelathini. Mwishowe hamsini. Baada ya mwezi tabibu alimpima tena. Presha ilikuwa imeshuka.

Jumapili ya wiki ya kumi, Bi Taratibu alihesabu mapigo baada ya ghorofa mbili. Yalikuwa mia moja kumi na nane.

"Mke wako yuko tayari?" aliuliza.

Bi Sindano alikuwa tayari tangu alfajiri. Alikuwa amevaa gauni la maua aliloshona yeye mwenyewe, na kitambaa kipya kichwani.

Walikuwa wamepanga kila kitu. Kwenye kila ghorofa majirani waliweka kigoda kirefu penye kona ya ngazi, Brashi apate kumkalisha mkewe apumzike kabla ya kuchoka. Bi Taratibu alitangulia mbele yao, kidato kimoja chini. Mkanda ulifungwa. Bi Sindano alijishika kwa nguvu za mabega yake mwenyewe.

"Mwepesi," Brashi alishangaa.

"Sijakonda. Nimejifunza kujibeba."

Walishuka. Chini walizunguka mitaani mpaka saa sita. Bi Sindano alishika kila kitambaa cha kila duka. Mwuza vifungo alimwona akaficha bei mpya, akatoa ya zamani.

Kisha ikafika saa ya kupanda.

Brashi alikunywa maji, akala ndizi. Akapanda kidato cha kwanza, akatoa pumzi. Cha pili, akatoa pumzi.

"Ongea," alisema Bi Taratibu kutoka nyuma yao.

"Niseme nini?"

"Chochote."

Brashi alifikiri vidato vinne. "Wiki hii," alisema, "tumepaka nyumba ya bibi mmoja. Alitaka chumba chake... kiwe na rangi ileile ya zamani. Lakini rangi ya zamani hakuna aliyeijua. Imefifia yote."

"Mkafanyaje?" aliuliza Bi Sindano.

"Nikasogeza kabati. Nyuma ya kabati... ukuta ulikuwa bado bluu. Bluu kama jana. Bibi akaugusa kwa kiganja. Akasimama hapo muda mrefu."

Kwa miaka ishirini na saba Bi Sindano hakuwahi kusikia mumewe akisimulia jambo la kazini. Alidhani kule hakuna kitu, ila kuta.

Walipumzika ghorofa ya kwanza. Wakapumzika ya pili. Hawakusubiri kuchoka. Ghorofa ya tatu, pale alipotapika, Brashi alipita akiwa katikati ya sentensi. Alipofika mlangoni alikuwa anahema, lakini alihema kama mtu aliyefanya kazi, si kama mtu anayezama. Alimkalisha mkewe kitini. Bi Sindano hakumwachia shingo.

"Yule bibi," alisema, "ulimchanganyia bluu ileile?"

"Ileile."

"Nilijua."

Tangu hapo hakuna Jumapili iliyowapita. Na kila walipopanda, Brashi alisimulia. Alikuwa na hadithi za miaka mingi, hakuna aliyewahi kumwomba. Mbao, ngazi, matajiri wanaogombana kuhusu rangi ya choo. Bi Sindano alicheka mgongoni mwake mpaka Bi Taratibu akalalamika kwamba mzigo unaochekacheka ni hatari.

Baada ya miezi mitano mwenye nyumba alipanda kuwaona. Alifika akihema.

"Kaa kwanza," alisema Bi Sindano.

Alikaa, akatulia, akasema mpangaji wa ghorofa ya kwanza anahama. Chumba ni chao wakikitaka.

Walihama siku iliyofuata. Vidato sitini na vinne vikawa kumi na sita. Majirani wakawapa pongezi. Mmoja akamtania Brashi, "Sasa mazoezi yote yale ya nini?"

Brashi hakuona kama yalikwenda bure. Presha yake ilikuwa nzuri. Kazini alipanda jukwaa siku nzima bila kukatika pumzi. Sigara alizisahau, na chakula kilikuwa na ladha tena.

Jumapili ya kwanza katika chumba kipya, walirudi matembezini kama kawaida. Bi Taratibu hakuwepo mbele wala nyuma yao. Alikuwa kwake akipika. Brashi alifunga mkanda, akapanda taratibu, akatoa pumzi kila kidato.

"Unaikumbuka ile suruali?" alianza. "Siku ya kwanza nilipokuja dukani kwako."

"Ya kijivu. Imechanika gotini. Ulisema ulijikwaa."

"Sikujikwaa."

"Sema tena?"

"Nilikuwa nimepita dukani kwako siku tatu, nikikuona unashona. Sikuwa na sababu ya kuingia. Suruali yangu ilikuwa nzima. Basi nikaenda nyuma ya jengo tulilokuwa tunapaka, nikachukua kisu cha kukwangulia rangi..."

Mgongo wa Brashi ukaanza kutikisika, kwa sababu mtu aliyekuwa juu yake alikuwa anacheka bila sauti.

"Suruali nzuri ile! Mpya! Nami nikakupunguzia bei kwa huruma!"

"Ulinipunguzia. Na mimi kesho yake nikachana ya pili."

"Ya kahawia!"

"Ya kahawia."

Walifika ghorofa ya kwanza. Mlango wao ulikuwa pale pale mkono wa kulia, ufunguo uko mfukoni mwa Brashi. Yeye hakusimama. Alishika chuma cha kushikia, akapanda kidato kinachofuata.

"Wewe! Mlango wetu huo umeupita."

"Nimeuona," alisema Brashi. "Hadithi haijaisha. Twende mpaka kwa Bi Taratibu, tumsalimie, tutarudi."

Bi Sindano alikaza mikono yake mabegani mwa mumewe, akaegemeza shavu kwenye shingo yake.

"Basi usiharakishe," alisema. "Ya tatu ilikuwa rangi gani?"